Wasifu wa Bibi Mmoja wa Wampembe



Kila mwaka ifikapo tarehe 5 Desemba, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga tangu 1985 kuwa siku ya watu wanaojitolea kote duniani, husomwa hotuba njema katika miji mikubwa, na ndani yake husifiwa vijana waliotoka nchi moja wakaenda nchi nyingine kuwafaa binadamu wenzao. Na mimi, ambaye sina ila neno la heri kwa vijana hao, nimeomba nafasi hii ili nimtaje mtu ambaye hakusafiri kwenda popote, aliyezaliwa, akaolewa, akazeeka na akazikwa Wampembe, kando ya Ziwa Tanganyika, na ambaye hisani zake zote zilifanyika ndani ya mwendo wa miguu yake mwenyewe. Huyo alikuwa bibi yangu, mzaa mama. Jina lake sitalitamka hapa, kwa kuwa alipokuwa hai hakupenda litangazwe mbele za watu, na kufariki kwake hakunipi mimi ruhusa aliyoninyima akiwa hai.

Kwa wale ambao hawajafika upande huo, yafaa niieleze kwanza nchi ilivyo, maana kazi za bibi huyu hazifahamiki kwa mtu asiyeijua njia aliyoipita. Ufipa ni uwanda wa juu, wenye baridi na upepo, ambako mtu atokaye Sumbawanga kwenda Namanyere huona mashamba ya mahindi, maharage na ulezi yametanda hata macho yakachoka. Lakini upande wa magharibi nchi hiyo hukatika ghafla, ikaporomoka kwa majabali na makorongo hadi ziwani, na yule aachaye barabara kuu akashika njia ya Kitosi kwenda Wampembe huteremka takriban mita 1000 kabla hajaukanyaga mchanga wa ufuko. Kule juu watu hujifunika mablanketi. Huku chini hulala nje kwa joto. Mbele yao ni ziwa la pili kwa kina katika dunia, lenye mita 1,470 mahali palipo na kina kuliko pote, na ng'ambo yake ni milima ya Kongo. Kaskazini ya Wampembe ziko Kipili na Kirando, kusini yake Kala na Kasanga, na kwa miaka mingi atakaye kwenda huko alipita majini, kwa sababu njia ya nchi kavu ilikuwa ya miguu na ya mizigo kichwani.

Majini humo palikuwa na meli moja ambayo kila mtoto wa mwambao ule aliijua sauti yake kabla hajajua kuhesabu. MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande ndani ya masanduku, ikaundwa upya na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili adui asiitwae, ikaopolewa na Waingereza mwaka 1924, na tangu 1927 ikawa inachukua abiria na shehena kwa jina lake la sasa. Wampembe meli haikufunga gatini. Ilitia nanga mbali kidogo na nchi kavu, ikapiga honi, aghalabu usiku wa manane, na maboti yakaikimbilia yamejaa magunia ya dagaa, kuku, wagonjwa, maharusi na watoto. Na kwa kuwa upepo wa kusi na wingi wa mizigo katika vituo vya njiani haviheshimu saa iliyoandikwa na mtu, abiria walikaa ufukoni usiku kucha, pengine na usiku wa pili, wakitega masikio.

Hapo ndipo wasafiri wengi walipomjua bibi yangu. Alikuwa na kawaida ya kuwasha moto chini ya mwembe ulio karibu na mahali pa kupandia, akateleka uji wa ulezi, akawagawia wanawake wenye watoto wachanga na wagonjwa waliokuwa wakipelekwa kutibiwa. Watu wazima wenye nguvu zao hakuwapa. Aliwaelekeza kwa wajane wawili waliouza chai na maandazi papo hapo, kwa maana aliona si haki sadaka yake iivunje biashara ya mwanamke mwenziwe. Na jambo hilo, ambalo wageni walilidhania kuwa ni uchoyo, mimi nalihesabu kuwa miongoni mwa mambo ya adili kabisa niliyopata kuyaona kwa macho yangu.

Alipofariki, watu walikuja matangani kwa maboti kutoka Kala na Kipili, na wengine wakateremka kwa miguu kutoka juu. Na katika maneno mengi yaliyosemwa kaburini na baada ya misa, lililorudiwa kuliko yote lilikuwa huruma. Sitaki kuwapinga waliolisema, kwani walilisema kwa machozi. Walakini mimi niliyelelewa mikononi mwake naona kuwa sifa yake kuu haikuwa hiyo. Huruma ya kumjia mtu aonapo mtoto analia, ikamtoa machozi, ikamfanya atoe alichonacho mfukoni, kisha ikamwondoka kesho yake asubuhi, wanayo watu wengi, na bibi yangu aliitilia shaka, hata ile aliyoiona moyoni mwake mwenyewe. Alichokiamini ni miadi. Mtu akisema atakuwapo Jumanne alasiri, basi Jumanne alasiri awepo, mvua inyeshe, mgeni awe amebisha hodi, au mwili uwe umechoka; na alishikilia kuwa mwenye shida huumizwa na msaada uliotazamiwa usifike kuliko anavyoumizwa na shida yenyewe, maana shida alikwisha kuizoea.

Kawaida hiyo, kwa kadiri nilivyoweza kuwauliza wazee, ilianza na kisomo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka uliofuata chama tawala cha TANU kikaagiza kwamba ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ufutwe nchi nzima kabla ya kwisha mwaka 1975. Agizo la namna hiyo ni jepesi kuandikwa na zito kutimizwa, kwani hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilionyesha kuwa watu wazima wapatao theluthi mbili hawakujua kusoma, ilhali walimu wenye vyeti hawakuwatosha hata watoto. Serikali ikawageukia wananchi wenyewe: aliyejua kusoma aliombwa amfundishe asiyejua, kwa takrima ya shilingi 30 kwa mwezi. Bibi yangu, ambaye alisoma miaka michache misheni na kuolewa kabla hajaendelea mbali, alikuwa miongoni mwa wanawake waliokwenda kujiandikisha, akiwa na mtoto mgongoni, naye mtoto huyo alikuwa mama yangu.

Darasa lake lilikuwa chini ya mti, na ubao wake ulikuwa mlango mkuukuu uliopakwa unga mweusi wa betri zilizokufa uliochanganywa na majani mabichi ya kupondwa. Ratiba iliyoletwa kutoka juu ilitaka watu wafundishwe siku zile zile za juma, saa zile zile, na wanaume wa Wampembe hawakuonekana. Na wale waliokuja kukagua waliandika kuwa wavuvi hawapendi elimu. Haikuwa kweli. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza, kwa mwanga wa karabai unaowavuta juu ya maji, na mbalamwezi ikiwa imejaa taa hazina kazi, nyavu hubaki ufukoni zikitengenezwa na wenyewe hulala majumbani mwao; kwa hiyo mwalimu aitaye darasa katika usiku wa giza huwaita watu walioko ziwani. Bibi aliligundua hilo bila kuambiwa na mtu, kwa kuwa aliishi ndani yake. Akaigawa kazi yake: wanawake aliwafundisha alasiri, baada ya dagaa kuanuliwa mchangani, na wanaume akawafundisha katika siku za mbalamwezi, baada ya chakula cha usiku, mara nyingi bila taa yoyote, kwa mwanga ule ule uliowazuia kuvua. Daftari la mahudhurio alilopewa halikuwa na nafasi ya kuandika mwezi ulivyo angani. Akaichora mwenyewe kwa rula.

Naomba tulitazame jambo hilo kwa utulivu, maana ndani yake mna fikira kubwa. Alishika saa kwa ukali, nimekwisha kusema. Lakini saa aliyoishika ilikuwa ya wanafunzi wake, wala si ya mkaguzi wala si yake mwenyewe, na kwa ajili hiyo alikesha akifundisha watu wazima herufi wakati wanawake wenziwe wamelala, akaamka alfajiri pamoja nao kwenda kuanika dagaa. Kushika miadi kwa namna hiyo ni kumstahi mtu. Ni kumwambia mvuvi asiyejua kuandika jina lake kwamba maisha yake, jinsi yalivyo, ndiyo kipimo, na kwamba elimu ndiyo itakayosogea.

Ilipofika Agosti 1975, mtihani wa kwanza wa taifa wa kisomo ulipofanywa, watu zaidi ya milioni 5 walikuwa wameandikishwa katika madarasa ya namna ile Tanzania Bara, na kufikia mwaka 1986 ilitangazwa kuwa wasiojua kusoma wamebaki kama 10 tu katika kila watu wazima 100. Hesabu hizo zilisifiwa mbali na zilistahili kusifiwa. Ila mimi kila nizionapo katika kitabu huwaza juu ya saa ya darasa, na kujiuliza ni wanawake na wanaume wangapi, katika vijiji vingapi, walioisogeza kimyakimya ili hesabu hiyo ipatikane.

Zile shilingi 30 hazikuwasili kila mwezi, na za miezi mingine hazikuwasili kabisa. Zilipofika alinunua mafuta ya taa na chaki. Zisipofika alifundisha vilevile. Lakini wanaomsifu kwa upole peke yake hawamjui, kwa sababu hakuzisamehe. Aliziandika katika ukurasa wa mwisho wa daftari, mwezi kwa mwezi, zilizolipwa na zisizolipwa, na kila mkubwa aliyeteremka kutoka juu alikaribishwa kwa heshima zote, akapewa kiti na maji na samaki, kisha akaonyeshwa ukurasa ule na kuombwa atie sahihi kuwa ameuona. Kujitolea kwake, kwa mawazo yake, hakukumwondolea aliyeahidi wajibu wa kutimiza ahadi.

Mwaka 1973, katikati ya kazi hiyo, ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, nayo kwa sisi tusemao na watu kwa njia ya redio ni jambo la kukumbukwa kwa fahari. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa nchi nzima, na watu karibu milioni 2 wakakutana kila juma kwa muda wa majuma 12, wakasikiliza kipindi cha Radio Tanzania, wakasomewa kitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kutenda walilokubaliana juu ya malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu. Kikundi cha bibi kilikuwa na redio moja, mali ya fundi wa mitumbwi, na betri zake zilianikwa juani mchana kutwa ili zipate uhai wa nusu saa ya jioni.

Palikuwa na ugumu ambao kitabu hakikuutaja. Maji ya ziwa lile ni maangavu hata mawe ya chini huonekana, na mtu aliyezaliwa kandoni mwake, aliyekunywa na kuoga humo tangu utoto, kama baba zake walivyokunywa na kuoga, ni vigumu kumsadikisha kuwa humo mna mauti. Tena kuyachemsha kwataka kuni, na kuni ziko mlimani, na mzigo wa kuni hubebwa na kichwa cha mwanamke; hivyo kila aliyesimama kuhubiri maji ya kuchemsha alikuwa akiwaongezea wanawake wa Wampembe safari moja ya mlimani, wala hakujua. Bibi alijua, kwa kuwa kichwa chake kilikuwa miongoni mwa vichwa hivyo. Aliwakusanya majirani wakakubaliana kuchemsha kwa zamu, moto mmoja, vyungu vikubwa, kisha kila nyumba ikachukua fungu lake yakiwa yamepoa na kufunikwa. Na zamu hiyo, nilipokuwa mtoto, miaka mingi baada ya kampeni kusahauliwa na wengi, ilikuwa ikiendelea, na nimeona kwa macho yangu mama mmoja akikaripiwa kwa kuikosa siku yake kama mtu aliyekosa kufika mazikoni.

Kipindupindu kilipoivamia nchi yetu mwaka 1977, na kila kiliporudi mwambao wa ziwa katika miaka iliyofuata, zamu ile ilionekana thamani yake, na pamoja nayo lilionekana kopo la sukari. Mtu anayeharisha huuawa na kukauka maji mwilini, na kabla hajafikishwa zahanati aweza kuokolewa na kitu ambacho kila nyumba yaweza kukitengeneza: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, wala chumvi isizidi, maana ikizidi yadhuru. Bibi aliijua lita kwa chupa tatu za soda, na kijiko cha kupimia alikitoboa tundu, akakitundika ukutani, kisitumike kwa kazi nyingine. Sukari yenyewe ilikaa katika kopo juu ya kabati. Sisi wajukuu tulikunywa uji mkavu na chai isiyo na utamu, siku ya Krismasi vilevile, huku tukilitazama kopo limejaa. Na ndugu yangu mmoja aliyethubutu kuuliza ni ya nani sukari ile alijibiwa kuwa ni ya mtu ambaye bado hajaugua.

Tulilipa, basi, sisi wa nyumbani, sehemu ya gharama ya wema wake. Nalisema hili kwa sababu mara nyingi wasifu wa watu wema huandikwa kana kwamba wema wao ulishuka kutoka mbinguni bila kumpunguzia mtu chochote, na wajukuu wao husimama kando wakitabasamu. Bibi akitoka usiku kwenda kuzalisha, moto wa kwetu ulizimika. Akienda kuwaosha na kuwapikia wazee wawili wasio na watoto waliokaa mwisho wa kijiji, tulibebeshwa ndoo nyuma yake, hata kama wenzetu walikuwa wakiogelea. Hata hivyo tulimpenda mapenzi ambayo sijui kuyaeleza, pengine kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na miadi yake pamoja naye. Mimi nilikuwa na jioni ya Jumamosi. Nilikwenda, nikamwambia shikamoo Bibi, naye akaitika marahaba mume wangu, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kiume, akaniuliza, kama mke, nimemletea nini, nami nikamletea kuni tatu au samaki mmoja. Kisha akanisimulia hekaya, ya sungura au ya watu wa kale wa Ufipa, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kutukatiza, awe jirani, awe mwenyekiti wa kijiji, isipokuwa mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa.

Ukunga alikuwa ameurithi kwa mama yake, na baadaye akapata mafunzo ya wakunga wa jadi, akarudi na kisanduku chenye wembe, uzi, sabuni na vitu vingine vichache. Waliozaliwa mikononi mwake ni wengi, lakini tena nitamsifu kwa lile lisilosifiwa, yaani kwa wale aliokataa kuwazalisha. Msichana mwenye mimba ya kwanza ambaye mwili wake haujakomaa, mama aliyepata kupasuliwa, mwenye mapacha, aliyetokwa na damu kabla ya wakati wake: hao wote aliwaambia mapema, miezi kabla, kwamba yeye hatawashika, na kwamba lazima wapande juu wakakae kwa ndugu karibu na hospitali ya Namanyere, au waende kwa boti kungali na utulivu wa maji. Palikuwa na familia zilizokasirika, zikadhani amewadharau. Yeye alikuwa amelipima ziwa na mteremko, akaona kuwa mama anayeanza kuvuja damu usiku wa kusi hana njia yoyote, na kwamba mkunga wa Wampembe asiyejua kukataa mapema atajuta akiwa amechelewa. Serikali ilipokuja kuagiza kuwa wanawake wote wajifungulie katika vituo vya afya, wakunga wengine waliona wamevuliwa cheo chao. Bibi alikifungia kisanduku kile ndani ya sanduku la nguo, akaanza kazi mpya ya kuwasindikiza waja wazito hadi zahanati, akikaa nje barazani hata mtoto alie, na aliifanya kazi hiyo mpaka miguu ilipomkatalia.

Mwambao wa Ufipa haukukosa kuandikwa. Livingstone aliupita mwaka 1872, katika safari yake ya mwisho, na siku zake za jua kali kando ya ziwa hili zimo katika vitabu. Karema, kaskazini zaidi, palikuwa na Adrian Atiman, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto kandokando ya mto Niger, akakombolewa na mapadre, akasomea uganga Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kuwatibu watu wa huko hadi alipofariki mwaka 1956. Na yeye, kwa haki kabisa, ana jengo lenye jina lake mjini Dar es Salaam. Nayo masimulizi ya Wafipa, ambayo bibi alinisimulia jioni zile za Jumamosi, yasema kuwa ukoo wa Watwa uliotawala nchi uliingizwa na wanawake watatu wageni, waliofika Milansi wakati mfalme yuko mawindoni, wakakikalia kiti chake. Basi nchi yetu yajua kumkumbuka mgeni, na yajua kumkumbuka mtawala, hata akiwa mwanamke. Aliyebaki nje ya kumbukumbu ni yule aliyekuwapo siku zote, na nafikiri amebaki nje kwa sababu hiyo hiyo, kwamba alikuwapo siku zote. Kwani mtu humwona mgeni akifika, wala hamwoni jirani akiendelea kuwapo.

Watu wameniuliza kama wakati wa mabibi wa namna ile umepita. Mwanzoni mwa mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwafunza na kuwaajiri wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika muda wa miaka mitano, watakaozunguka vijijini na mitaani wakifanya, kwa posho, mengi ya yale aliyoyafanya yeye bure: kuwatembelea waja wazito, kuwapima watoto, kufundisha maji safi na vyoo. Wako wanaosikitika wakisema kuwa fedha itaua moyo wa kujitolea. Mimi sisikitiki, na nina yakini kuwa mwenye ukurasa ule wa mwisho wa daftari asingesikitika. Angefurahi kwamba hatimaye kazi hiyo imetambuliwa kuwa ni kazi, na angeuliza maswali mawili matatu kwa adabu: posho hiyo italipwa tarehe ngapi, mhudumu wa Wampembe atazunguka saa ngapi wakati wanawake wako ufukoni kwenye dagaa, na akiugua nani atashika zamu yake. Nayapeleka maswali hayo kwa wahusika, kwa niaba yake, na sidhani kwamba ni madogo.

Baada ya arobaini, akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wa kigango walikaa chini ya mwembe wakagawana kazi zake. Mmoja alichukua wazee wa mwisho wa kijiji, mwingine uji wa wasafiri, wawili wakachukua kusindikiza waja wazito, na kopo la sukari pamoja na kijiko chenye tundu vilikabidhiwa kwa mwanamke kijana ambaye mama yake alizaliwa mikononi mwa bibi. Madaftari ya kisomo yalibaki kwetu. Yapo manne, yametafunwa pembezoni na mchwa, na ndani yake mna majina ya watu waliojifunza kusoma Wampembe, wanawake kwa wanaume, mengi ya watu waliokwisha kufariki, na kila jina lina alama ya siku alizokuja. Na jina la mwalimu limo pia, kwa mwandiko wake, mahali pale alipotaka likae. Mjomba wangu ameyafunga katika plastiki, na nakala yake tumeipeleka shuleni.

Nina ombi kwenu mnaonisikiliza. Yako madaftari ya namna hiyo katika nyumba nyingi za nchi hii, ndani ya masanduku ya mabibi na mababu waliofundisha kisomo, waliosikiliza Mtu ni Afya na vikundi vyao, waliogawa dawa na kupima watoto. Mengine yamekwisha kufungiwa karanga, na mengine yanaliwa na mchwa usiku huu tunapozungumza. Yatafuteni. Wapelekeeni walimu wakuu, makatibu wa parokia na wa misikiti, na maofisa watendaji wa vijiji, wayaweke mahali pakavu. Na ikiwa bibi mwenyewe bado yuko hai lakini hakuacha daftari, ketini mbele yake na kalamu, mwandike aliwafundisha nani, mwaka gani, mahali gani, na kama alilipwa au hakulipwa. Wala msiondoke kabla hamjamuuliza ilikuwa saa ngapi, na kwa nini aliichagua saa hiyo.